Namna ya Kusema Yamkini kwa Kiingereza

Mnamo mwaka 1944, vita vikuu vya pili vya dunia vingali vikiendelea, askari mmoja wa jeshi la anga la Australia, aliyewekwa katika visiwa vya Wessel vilivyoko pembe ya kaskazini ya nchi ile, aliokota sarafu tisa, akazihifadhi kwa miaka mingi bila ya kujua asili yake. Na zilipopelekwa kwa wajuzi mwaka 1979 ilibainika kwamba nne zilikuwa za Kampuni ya Kiholanzi ya Mashariki ya Hindi, na tano zilikuwa za Kilwa, sarafu za shaba za masultani wa kale wa pwani yetu. Baina ya Kilwa na visiwa vile pana bahari ya kiasi cha kilomita 10,000. Nani alizichukua, kwa chombo gani, na katika karne ipi, hayo hakuna ajuaye kwa yakini. Na kwa sababu hiyo nimelichagua jambo hili liwe uwanja wa mazoezi yetu, ewe msomaji uandikaye Kiingereza kwa ajili ya chuo, ofisi au gazeti, maana atakaye kulieleza kwa lugha ile hana budi kutumia karibu kila zana ambayo Kiingereza kimejiwekea kwa kusema linalowezekana, linaloelekea kuwa, na lisilokuwa na njia ya kutokuwa.

Kanuni iliyo mama wa nyingine zote ni kwamba kauli isizidi dalili zake. Mwandishi mwaminifu hufanya kama nahodha aingiaye bandari asiyoizoea, ambaye hutia bildi kila baada ya kitambo ili ajue kina cha maji yaliyo chini ya chombo, na hutangaza pima alizozipata, si pima anazotamani kuzipata. Kiswahili kina maneno mengi ya kutimiza haja hii, labda, huenda, pengine, yamkini, asaa, na aghalabu tunayatanguliza mbele ya sentensi, kisha kitenzi tunakiacha kama kilivyo, kwa kuwa neno lililotangulia limekwisha kumwonya msikilizaji. Kiingereza nacho kina maneno ya kutanguliza, lakini moyo wa shaka yake haumo humo: umo ndani ya kitenzi chenyewe, katika vile vitenzi visaidizi vifupi "may", "might", "could", "must", "should" na "can". Mwanafunzi wetu asiyetanabahi tofauti hii huandika "Maybe the coins came with the Portuguese. Maybe they were lost by a sailor. Maybe they were sold." Sarufi haikuvunjika, lakini hayo ni mazungumzo ya barazani, na msomaji wa Kiingereza akikutana na "maybe" tatu mfululizo hudhani anasoma maneno ya mtu anayebahatisha. Aandike "The coins may have come with the Portuguese", na papo hapo kauli itapata haiba ya mtu aliyepima kabla ya kusema.

Mambo machache ya umbo na tuyamalize upesi. Kisaidizi hakibadiliki kwa nafsi wala hakipokei "s". Hakifuatwi na "to". Na wakati uliopita huonyeshwa kwa "have" pamoja na kitenzi kilichokamilika, "may have come", si "may came". "Maybe" kwa neno moja ni kielezi, ilhali "may be" kwa maneno mawili ni kitenzi; anayeandika "The coin maybe old" amekiacha kitenzi nje ya mlango. Na ile kauli isikikayo sana Kenya na Tanzania, "I can be able to come", ina uwezo mara mbili ndani yake. Chagua moja, "I can come" au "I am able to come", na ukikusudia kusema kwamba huenda ukaja, basi hata hizo mbili hazifai, kwani neno lako ni "I may come".

Sasa tupime uzito wa visaidizi hivyo. "May" na "might" zinakaribiana mno, na waalimu wengine hupoteza saa nzima wakizitenga kwa hesabu isiyokuwamo katika matumizi ya wenye lugha. Yatosha kujua kwamba "might" husogea hatua moja mbali zaidi, kama mtu anayesema jambo huku akikuachia njia pana ya kulikataa. "Could" hufungua mlango wa jambo jingine lisilopingwa na dalili: "The coins could have passed from hand to hand through the islands of Indonesia." Husemi kwamba ndivyo ilivyokuwa, husemi hata kwamba inaelekea, unasema kwamba njia ipo. Na kweli njia ipo, kwa kuwa wavuvi wa majongoo bahari kutoka Makassar walikuwa na ada ya kwenda pwani ya kaskazini ya Australia kwa pepo za misimu, karne moja na zaidi kabla ya zama za meli za moshi na za mafuta.

"Can" ni jambo jingine kabisa, na hapa ndipo wengi hukosea. "Can" husema tabia ya kitu kwa jumla, wala si bahati ya tukio moja. Ukisema "It can rain heavily in Tanga in April", umeeleza hali ya masika ambayo kila mkaazi wa huko anaijua. Lakini ukitazama mawingu ya jioni na kutaka kusema kwamba usiku huenda ikanyesha, sharti useme "It may rain tonight". Kinyume chake, swali la uwezekano halianzi kwa "may": hatuulizi "May it rain tonight?", maana "may" ikitangulia katika swali huwa ni kuomba ruhusa, na mvua haiombi ruhusa kwa mtu. Uliza "Could it rain tonight?" au "Is it likely to rain tonight?"

Neno ninalotaka ulikalie kwa wasaa ni "must". Mwanafunzi hulijua tangu darasa la kwanza la Kiingereza kwa maana ya amri, katika kanuni za shule na za barabara, kwa hiyo hulionea taabu pale anapolikuta katika hoja. Lakini "must" ya hoja ni hitimisho: ni kauli ya mtu ambaye hakushuhudia jambo likitendeka, bali dalili alizonazo zimefunga njia nyingine zote. "Someone must have carried the coins to the islands." Hakuna aliyemwona mchukuzi, wala hajulikani jina, lakini shaba haiogelei, na visiwani humo hapakuwa na mahali pa kupiga sarafu za Kilwa, kwa hiyo mtu alizichukua, na "must" imestahili. Sasa sogeza hatua moja tu mbele, useme "The Portuguese must have carried the coins to the islands", na utakuwa umedhulumu ushahidi. Wareno waliiteka Kilwa mwaka 1505, ndiyo, na merikebu zao zilifika hadi visiwa vya mashariki, ndiyo. Lakini Waholanzi pia walisafiri njia hizo, na Waarabu, na Wahindi, na watu wa visiwa vya Indonesia, na hata mkusanyaji wa vitu vya kale wa siku za karibu angeliweza kuzidondosha pale. Njia zikiwa bado ni nyingi "must" haina nafasi. Kabla ya kuliandika neno hili jiulize kwa sauti: je, liko lolote jingine liwezekanalo? Likiwapo hata moja lenye maana, rudi kwenye "may".

Kinyume cha "must" ya hoja, katika Kiingereza cha Uingereza tulichofundishwa, ni "cannot", nayo ni silaha nzuri mno mikononi mwa mtu wa tarehe. Kampuni ya Kiholanzi iliundwa mwaka 1602. Basi twaweza kuandika bila ya woga "The Dutch coins cannot have reached the islands before 1602", na hakuna wa kutupinga. Tahadhari na "must not", ambayo kwa msomaji wa Uingereza husikika kuwa ni makatazo. Wamarekani huitumia "must not have" katika hoja pia, lakini "cannot have" inaeleweka pande zote mbili za bahari, kwa hiyo ishike hiyo.

Katika ukanusho ndipo palipo na mtego mkubwa kuliko yote, kwa kuwa herufi ni chache na tofauti ya maana ni ya usiku na mchana. "The sailors may not have known the value of the coins" maana yake ni kwamba huenda hawakuijua thamani yake, na huenda waliijua. "The sailors could not have known the value of the coins" maana yake ni kwamba haikuwezekana waijue kamwe. Ya kwanza ni dhana, ya pili ni hukumu. Nimesoma ripoti za watu wenye elimu zao, zilizokusudia kusema kwamba karani fulani huenda hakupata barua, zikaandika "could not have received", na mkubwa aliyesoma akafahamu kwamba barua haikuwa na njia ya kumfikia. Mashauri yakaenda kombo kwa neno moja.

Hali kadhalika "may have" na "might have" zinapozungumza juu ya yaliyopita. Tuseme dau limetoka Pemba kwenda Tanga, limechelewa, na habari zake hazijulikani. Mwandishi wa gazeti aandike "The crew may have drowned", maana hatujui. Akiandika "The crew might have drowned", msomaji mmoja atafahamu kwamba hatujui, na mwingine atafahamu kwamba walikaribia kuzama lakini wameokoka, kwa kuwa "might have" hubeba pia maana ile ambayo sisi huitia katika "wangalizama". Jamaa wanaosubiri pwani hawastahili kuachwa katika utata wa namna hiyo, na kwa hiyo nashauri kwamba mambo yasiyojulikana mwisho wake yapewe "may have" daima, na "might have" iwekewe yale yaliyoepukika.

Mbali na visaidizi hivyo, Kiingereza kina vitenzi kamili vinavyoipunguza kauli, na watu wa sayansi huvipenda. "Seem" na "appear" husema jinsi jambo linavyoonekana: "The coins appear to have been lost, not buried." Halafu pana ngazi ya vitenzi ambavyo ushahidi huwa ndio mtendaji: "suggest" iko chini, nayo ni kudokeza, "indicate" iko juu yake kidogo, "show" ni kuonyesha, na "prove" ni kuthibitisha mpaka pasiwe na neno tena. Waandishi wetu wanaipenda mno "prove". Utafiti wa wanafunzi thelathini wa shule moja huandikwa "This study proves", na msomaji mwenye busara huufunga ukurasa palepale. Watu wawili walioeleza umbo la asidi ibebayo urithi wa viumbe, James Watson na Francis Crick, katika makala yao fupi ya Aprili 1953, walisema kwamba wanapendekeza umbo hilo, wala hawakusema kwamba wamelithibitisha. Na ule ugunduzi mkubwa zaidi uliokuwa ndani yake, kwamba umbo hilo linadokeza namna urithi unavyonakiliwa, waliutaja kwa sentensi moja yenye maneno ya uwezekano. Sentensi hiyo haikupungukiwa na heshima kwa upole wake.

Ada hii ina historia. Robert Boyle, mmoja wa waasisi wa Royal Society iliyoundwa London mwaka 1660, alichapisha mwaka 1661 insha zake juu ya majaribio ya maumbile, na katika dibaji yake aliwaeleza wasomaji kwamba ametumia kwa makusudi maneno kama "perhaps" na "it seems", kwa kuwa alikuwa na yakini na aliyoyaona kwa macho yake, lakini hakuwa na yakini kadiri hiyo na sababu alizozidhani. Naiona tofauti hiyo kuwa ndiyo msingi wa mwandiko wa kielimu hadi leo: tukio hutajwa waziwazi, tafsiri ya tukio hutajwa kwa staha.

Tuingie sasa katika maneno ya makadirio, "possibly", "probably", "likely", ambayo mahali pake katika sentensi ni rahisi kukumbuka: "probably" hukaa kabla ya kitenzi kikuu na baada ya kisaidizi, "The coins probably came by sea", "The coins were probably lost", na "likely" hupenda kufuata "is" na kufuatwa na "to". Ugumu wake uko kwingine. Mwaka 1951 wapelelezi wa serikali ya Marekani waliandika taarifa kwamba shambulio la Warusi na washirika wao juu ya Yugoslavia ni "serious possibility". Sherman Kent, aliyekuwa mmoja wa wakuu wa kazi hiyo, alipoulizwa muradi wa maneno hayo alisema kwamba yeye alikusudia kiasi cha 65 katika 100. Kisha akawauliza wenziwe walioitunga taarifa ile pamoja naye, akakuta kwamba kila mmoja alikuwa na hesabu yake, mwingine 20 katika 100, mwingine 80. Walikuwa wamekubaliana juu ya neno, hawakukubaliana juu ya maana. Mwaka 1964 Kent aliandika makala akishauri kwamba kila neno la makadirio lipewe kiasi chake cha hesabu.

Nasaha hiyo imefuatwa vizuri kabisa na jopo la Umoja wa Mataifa la wataalamu wa mabadiliko ya tabianchi, ambalo limeweka kwamba "likely" ni 66 katika 100 au zaidi, na "very likely" ni 90 au zaidi. Ukisoma ripoti zake kwa mfululizo juu ya swali kama mwanadamu ndiye aliyesababisha joto la dunia kuongezeka, utaona neno likipanda ngazi kadiri ushahidi ulivyopanda: mwaka 2001 liliandikwa "likely", mwaka 2007 "very likely", mwaka 2013 "extremely likely", na mwaka 2021 likaandikwa "unequivocal", yaani halina shaka tena. Sijui mfano bora kuliko huu wa kumwonyesha mwanafunzi kwamba kauli ya shaka si woga, kwa kuwa waliosubiri miaka ishirini kabla ya kusema neno zito waliaminiwa zaidi siku walipolisema. Nawe katika ripoti yako, ikiwa neno "likely" litamfanya mtu atoe fedha au azizuie, liandikie hesabu yake pembeni.

Jihadhari na "no doubt". Umbo lake ni la yakini, lakini desturi imeishusha: "No doubt he is tired" husemwa na mtu anayedhani tu, kama sisi tunavyosema bila shaka amechoka bila ya kwenda kumtazama. Ukitaka yakini yenyewe, andika "There is no doubt that", na uwe tayari kuonyesha kwa nini.

Kuna pia maradhi ya upande wa pili, nayo ni kurundika shaka juu ya shaka. "It may perhaps be possible that the coins might have come by sea" ni sentensi yenye nanga nne kwa mashua moja. Haendi popote mwenye nayo. Neno moja la shaka lalitosha wazo moja. Wala usitie shaka pale pasipo na shaka kwa kudhani kwamba ndiyo adabu ya wasomi: Ibn Battuta alifika Kilwa mwaka 1331, na sultani aliyemkuta ni al-Hasan bin Sulaiman, hayo yaandikwe "visited" na "found", pasiwe na "may" wala "seems". Na mara nyingine kinachotakiwa si kupunguza yakini bali ni kupunguza upana: badala ya "Swahili merchants might be rich", ambayo haina maana yoyote, andika "Some Swahili merchants were rich", ambayo ni kweli na ni imara.

Basi tazama jinsi kisa chetu kinavyosomeka kila kauli ikiwa imepewa haki yake: "In 1944 five copper coins of Kilwa were found in the Wessel Islands, together with four Dutch ones. Someone must have carried them there. The Dutch coins cannot have arrived before 1602, but the Kilwa coins bear no date, and the two groups may not have travelled together. A Portuguese or a Dutch ship could have brought them. So could traders from the Indonesian islands. If they did arrive together, the voyage is likely to have taken place long after the coins had gone out of use in Kilwa itself." Iangalie sentensi ya mwisho, jinsi sharti la "if" lilivyotangulia ili kulipa "likely" mahali pa kusimama, bila ya sharti hilo neno lile lingekuwa limezidi.

Kabla hujaanza insha mpya, itwae ile uliyoiandika karibuni kwa Kiingereza, upige mstari chini ya kila kitenzi kinachodai jambo, na kwa kila kimoja uandike ukingoni dalili uliyokuwa nayo. Palipo na dalili kamili ondoa "may", palipo na dalili nusu ondoa "must", na pale ambapo ukingo umebaki mtupu, ifute sentensi nzima.